Je, Yafaa Kumfuga Samaki wa Ziwa Nyumbani?



Sisi tunaokaa kando ya ziwa Tanganyika, toka Uvira mpaka Kalemie na Moba, twajua samaki wa namna mbili. Wa kwanza ni samaki wa chungu: ndakala, mikeke, sangala, kuhe. Hao twawajua kwa bei yao na kwa utamu wao. Wa pili ni visamaki vya mawe, vile vinavyozunguka katika maji maangavu karibu na pwani. Vingine vina mistari, vingine ni vya manjano, vingine ni vyeusi vyenye mkanda mweupe kiunoni kama mshipi. Mvuvi akivikuta katika wavu wake havimfurahishi sana, kwa maana havijazi chungu. Lakini visamaki hivyo hivyo ndivyo vinavyopanda ndege kwenda Ulaya, Marekani na Japani, na huko watu huvinunua kwa bei ambayo ingemshangaza mama yeyote wa sokoni.

Hawavinunui ili wavile. Huvitia katika sanduku la kioo lililojaa maji, liitwalo akwariumu, huliweka sebuleni, huwasha taa, hukaa na kuvitazama.

Biashara hii si ya jana. Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliianza kule Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 alitoa kitabu juu ya samaki wa ziwa letu. Visamaki vya mawe vimekwisha toka katika pwani za nchi zote nne zinazolizunguka ziwa: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Lakini kufuga samaki hakuhitaji uwanja wa ndege. Mwalimu wa Kalemie au fundi wa Uvira, akiwa na wavu mdogo, ndoo na vipande vya kioo, aweza kuwa nao nyumbani mwake kabla jua halijatua.

Basi swali letu ni hili. Je, mtu ana ruhusa ya kumtoa kiumbe mahali pake, si kwa njaa, ila kwa kutaka kumtazama tu? Na akiisha kumtoa, ana wajibu gani kwake? Wako watakaojibu upesi. Mmoja atasema: «Ni samaki tu, acha maneno.» Mwingine atasema: «Ni kifungo, ni uonevu.» Naona wote wawili wamejibu kabla ya kufikiri. Sisi twende polepole.

Huyo tunayemchukua ni nani?

Huwezi kumtendea haki usiyemjua. Kwa hiyo tumtazame kwanza.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinafika meta 1.470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalolishinda kwa kina. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa moja ambayo wataalamu huiita siklidi. Kuhe na tilapia ni wa jamaa hiyo. Karibu aina hizo zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wachunguzi wa Ubelgiji walilizunguka ziwa mwaka 1946 na 1947, na Max Poll aliandika habari za samaki waliopatikana. Baadaye Georges Marlier, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha uchunguzi cha Uvira, alimweleza samaki mmoja ambaye hakuwa bado na jina katika vitabu vya wataalamu, akamwita Tropheus duboisi. Huo ulikuwa mwaka 1959.

Mwangalieni huyo pamoja na ndugu zake. Hukaa penye mawe, mahali ambapo jua linafika, na siku nzima hukwangua uoto wa kijani kwa meno yake. Ana kipande chake cha mwamba, naye hukilinda kama mkulima alindavyo shamba lake nguruwe wasiingie. Jike hutaga mayai machache tu, makubwa, huyaokota kwa kinywa chake, na humo humo huyatunza muda wa majuma manne hivi, mpaka watoto waweze kujitegemea. Tena samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga mpana wala maji ya kilindi. Kwa hiyo walio katika mwamba huu wana rangi yao, na walio ng'ambo ya ghuba wana rangi nyingine, kama vile vijiji viwili vyenye lafudhi mbili.

Yuko mwingine, mdogo kuliko kidole cha mkono, ambaye nyumba yake ni gamba la konokono aliyekufa. Humo hulala, humo hutaga, humo hukimbilia adui akija. Tena yuko samaki mwenye ndevu na madoa, mjanja kupita wote: hupenyeza mayai yake katikati ya mayai ya siklidi, na yule mama asiyejua huyachukua kinywani pamoja na ya kwake. Watoto wa mgeni huanguliwa kwanza, wakawala watoto wa mwenye nyumba.

Siyasemi haya ili kuwachekesha watoto. Nataka tuone kwamba kila mmoja ana kazi yake na njia yake ya kuifanya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu aliumba vitu vingi vya namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja peke yake hakitoshi kuonyesha wema wa Muumba. Basi kisamaki kisichojaza chungu kina maana yake hata kabla mtu hajakiona.

Kuchukua ni halali?

Mtu atasema: «Twaua ndakala maelfu kwa maelfu kila usiku usio na mwezi, wala hakuna anayetulaumu. Mwenye ruhusa ya kumwua samaki kwa chakula, awezaje kukatazwa kumweka hai kwa kumtazama?»

Hoja hiyo ina nguvu, wala sitaki kuikwepa. Nakubali kwamba kumtazama kiumbe ni jambo jema. Akili ina njaa yake kama vile tumbo lina njaa yake. Mtu anayekaa saa nzima kumwangalia samaki akichimba mchanga kwa kinywa hapotezi wakati; anajifunza kitu ambacho hakikutengenezwa na mwanadamu. Kwa hiyo kumchukua samaki ziwani si kosa kwa asili yake.

Lakini angalieni tofauti. Samaki wa chungu ana madai machache kwetu: auawe upesi pasipo mateso ya bure, nyama yake isitupwe ovyo, wala wenzake wasivuliwe hata kizazi kikaisha. Jua halijafika utosini, mambo yake yamekwisha. Samaki wa kioo, madai yake yanaanza pale pale ambapo ya mwenzake yamekwisha. Nayo hurudi kila asubuhi. Jana ulimpa, leo anadai tena. Methali yasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hutampa jembe kamwe, kwa sababu wewe mwenyewe umemtoa katika shamba lake.

Ndilo jambo ninalotaka kulisema katika makala hii: mtu anayemtoa kiumbe ziwani amejitwika kazi zote ambazo ziwa lilikuwa likimfanyia. Anadhani amepata mali, kumbe amepata deni.

Deni lenyewe ni nini?

Tulihesabu. Kwanza ziwa lilimsafishia maji. Samaki hutoa uchafu katika maji yale yale anayovuta pumzi, na uchafu huo hutoa sumu iitwayo amonia. Ziwani sumu hiyo hupotea katika maji mengi. Katika sanduku hubaki. Wako bakteria wema wanaoigeuza sumu hiyo, nao hukaa katika mchanga na katika chujio. Lakini katika sanduku jipya ni wachache mno, wanahitaji majuma manne mpaka sita kuongezeka. Basi anayejaza maji Jumamosi na kutia samaki wengi Jumapili anawazamisha katika sumu yao wenyewe. Watakufa, naye atasema: «Samaki hawa ni dhaifu.» Si wao walio dhaifu.

Pili, ziwa lilimpa pumzi. Mawimbi huingiza hewa katika maji mchana na usiku. Nyumbani kazi hiyo hufanywa na mashine ndogo ya umeme, nasi twajua wote umeme wetu ulivyo. Ukikatika saa mbili za usiku na kurudi kesho, je, nani ataamka kuchota maji kwa kopo na kuyamwaga tena toka juu ili yapate hewa? Mwenye samaki wachache katika maji mengi aweza kulala kidogo. Mwenye samaki wengi katika maji machache hawezi.

Tatu, ziwa lilimpa maji ya namna yake. Maji ya Tanganyika yana madini yake na hayana uchachu. Maji ya mvua si kama hayo, na maji ya bomba yaliyotiwa klorini huua samaki wasipongojewa mpaka dawa hiyo itoke.

Nne, ziwa lilimpa chakula chake. Tropheus mla majani ya mwamba, akilishwa vyakula vya nyama kila siku, huvimba tumbo na kufa. Mwenye kumlisha hivyo alimpenda, lakini upendo wake haukuwa na macho.

Tano, ziwa lilimpa mahali pa kukimbilia. Wawili wakigombana mwambani, mshindwa huenda zake. Katika kioo haendi popote. Ukiwaweka wawili au watatu tu, mwenye nguvu humfukuza mnyonge mchana kutwa hata amwue. Ndiyo maana wanaojua huwaweka wengi pamoja katika sanduku kubwa, ili hasira ya mmoja igawanyike kwa wengi.

Na deni laanza hata kabla ya nyumbani. Samaki wa kilindi ana kibofu cha hewa tumboni. Akivutwa juu kwa haraka, hewa hiyo hupanuka na kumwumiza, pengine kumwua. Mvuvi mwenye subira humpandisha kidogo kidogo, kwa muda wa siku kadhaa. Mwenye haraka humleta siku ile ile, naye hufa baadaye mikononi mwa mwingine.

Wenye kupinga

Hapo mtu atasema: «Samaki hana uchungu kama sisi.» Mwaka 2003 wachunguzi wa Uskoti, pamoja na bibi Lynne Sneddon, walitangaza jaribio walilofanya. Waliwadunga samaki midomoni kwa asidi ya namna ya siki. Samaki hao walikawia kula, wakajisugua midomo yao katika changarawe. Wataalamu wangali wanabishana samaki anajua maumivu yake kwa kiasi gani. Nami si mtaalamu. Lakini katika masomo ya maadili twafundishwa mfano wa mwindaji: akiona kitu kinatikisika kichakani, wala hajui kama ni mnyama au ni mtu, asitupe mkuki. Shaka haimpi ruhusa. Shaka inamfunga mkono. Mtu na samaki si sawa, lakini njia ya kufikiri ni moja. Asiyejua kama anaumiza, na afanye kama anayeweza kuumiza.

Mwingine atasema: «Ziwani angaliwa na mkubwa wake. Kwangu yu salama.» Ni kweli kwamba ziwa si bustani ya Edeni. Huko kuna meno. Lakini huko pia samaki alikuwa na vitu vya kujisaidia: jiwe, giza, mbio, wenzake. Kwako hana kitu ila wewe. Usalama unaotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja si usalama mkubwa, hasa mtu huyo akisafiri, akiugua au akichoka.

Mwingine atasema: «Nikichoka nitamrudisha.» Hapa nawaomba mwe waangalifu kuliko mahali pote. Utamrudisha wapi? Pwani iliyo karibu na nyumba yako si mwamba alikotoka. Nimekwisha sema kwamba kila mwamba una watu wake na rangi yake. Ukimtia popote, pengine utachanganya vizazi vilivyokaa mbalimbali muda mrefu sana, au utawapelekea wenyeji ugonjwa alioupata katika kioo. Kumbukeni sambaza wa ziwa Kivu. Walitoka Tanganyika, wakatiwa kule kati ya 1958 na 1960, na leo wanalisha watu wengi. Kumbukeni tena sangara wa Nili aliyetiwa katika ziwa Victoria miaka ya 1950. Alileta fedha, lakini aina nyingi za visamaki vya huko, ndugu za hivi vyetu, zilipotea. Sitaki hapa kupima faida na hasara. Nasema neno moja tu: katika maziwa yote mawili, hakuna aliyeweza kuwaita warudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa sababu hiyo dhamiri sharti ifanye kazi yake kabla ya wavu, si baada yake. Wengi hufikiri: «Nitachukua kwanza, halafu nitajifunza.» Lakini wakati wa kujifunza ndio ule ambao samaki bado yuko mwambani. Aliyeweza kujua na hakutaka kujua, ujinga wake haumwoshi.

Watoto na mvuvi

Yabaki mambo mawili mazito. La kwanza ni watoto. Baba wengi husema wanaweka samaki ili watoto wajifunze kupenda viumbe. Nia hiyo ni njema. Mtoto aliyemwona mama samaki akifumbua kinywa na watoto wake wakitoka wazima hatasahau. Lakini mtoto hajifunzi kwa tunayosema, hujifunza kwa anayoyaona. Akiona samaki amekufa Ijumaa, akatupwa uani, na Jumamosi mwingine ameletwa badala yake, na juma lijalo vivyo hivyo, amejifunza nini? Amejifunza kwamba kiumbe hai ni kitu cha kubadilishwa, kama betri ya redio. Na mafunzo hayo hayatabaki kwa samaki. Atayachukua kwa mbuzi, kwa mtumishi wa nyumbani, kwa mzee aliye mgonjwa muda mrefu. Samaki mkunje angali mbichi, twasema. Na mtoto ndiye anayekunjwa mbele ya kile kioo, kwa wema au kwa ubaya.

La pili ni mvuvi. Kijana anayepiga mbizi kukamata visamaki hivyo anatafuta mkate wake, wala kazi hiyo si aibu. Wala tusimtwike yeye makosa yote. Mnunuzi anayetaka samaki wengi, upesi na kwa bei ndogo, ndiye anayemsukuma kuwapandisha kwa haraka na kuukomba mwamba mzima. Mnunuzi anayelipa vema kwa samaki wachache walio wazima humpa nafasi ya kufanya kazi yake kwa uangalifu, tena kwa ruhusa ya serikali. Na wale wanaokaa mbali, ambao visamaki hivi vimekwisha zaa katika masanduku yao, yawafaa kununua wale waliozaliwa huko, hasa wa aina zinazokaa katika kipande kidogo cha pwani. Mwamba wenye samaki wachache haujazwi tena na samaki wa ng'ambo ya ghuba.

Basi, ndugu msomaji, jibu langu ni hili. Kumfuga samaki wa ziwa nyumbani si haramu, wala si mchezo. Anayetaka na ajiulize maneno matatu kabla ya kushika wavu. Namjua huyu, anachokula, anayekaa naye, maji anayotaka? Nina maji ya kutosha, na mtu wa kunisaidia nikiwa safarini? Na je, niko tayari kulipa mpaka mwisho? Maana wengine katika samaki hawa huishi miaka 10 na zaidi. Dawa ya deni ni kulipa, na mdai huyu hana sauti ya kukukumbusha.

Akiweza kujibu ndiyo mara tatu, na achukue wachache, wa aina zilizo nyingi, na awatunze vema. Asiyeweza asihuzunike. Mwamba uko pale pale. Na aende asubuhi kabla upepo haujaamka, aangalie kwanza kama hakuna mamba, halafu ainame juu ya maji. Atawaona bure, kila mmoja katika shamba lake, wakiwa kazini.